Uzi: Kujifunza kuandika sinthesaiza za kompyuta, tukianzia na sauti tunazozijua hapa Bagamoyo

Mleta mada:

Habari zenu, wanajukwaa.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wanafunzi wa sayansi ya kompyuta wanaopenda muziki, ambao wamewahi kujiuliza inakuwaje programu itoe sauti ya kinanda, gitaa au kengele ilhali ndani yake hamna rekodi hata moja. Nimesoma fani hiyo, naishi hapa Bagamoyo, na wakati wa likizo huwa nawaelekeza vijana wachache wa vyuo wanaotaka kuandika sinthesaiza zao wenyewe. Ninachowaambia wote ni kitu kimoja: anza kwa kuandika sampuli, yaani namba zinazounda sauti, kwenye faili, plagini (programu ndogo inayokaa ndani ya programu ya kurekodia) iache kwanza, na uchague sauti unayoijua kwa masikio yako mwenyewe iwe ndiyo kipimo cha kazi yako.

Sababu yake ni hii. Katika kazi nyingi tunazopewa darasani, programu ikikubali kuendeshwa na majaribio yakapita, kazi imekwisha. Programu ya sauti haiko hivyo. Inaweza kupita majaribio yote uliyoyaandika na bado ikatoa sauti mbovu, kali au isiyo na uhai, wala hautatokea ujumbe wowote wa hitilafu kukuonyesha mstari wenye kasoro. Anayehukumu ni sikio, na sikio haliwezi kuhukumu sauti lisiyoizoea. Kijana anayehangaika kuiga sinthesaiza ya Marekani ya miaka ya 1970, ambayo ameisikia kupitia spika ya simu tu, hana cha kulinganishia. Sisi wa Bagamoyo tuna bahati: Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, kipo hapa tangu mwaka 1981, na mtu akiamua anaweza kukaa karibu na marimba, zeze na ngoma zikipigwa na wanaozijua. Marehemu Hukwe Zawose aliishi katika mji huu mpaka alipofariki mwaka 2003, na marimba za Kigogo alizozipiga, zile za vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, zimewakaa wengi masikioni.

Kuanzia kwenye faili ndiyo njia iliyopitiwa na waanzilishi wenyewe. Mwaka 1957 Max Mathews, aliyekuwa mhandisi wa maabara ya Bell Labs huko Marekani, aliandika programu ya kwanza ya aina hii kwa ajili ya kompyuta ya IBM 704. Mashine ilikokotoa namba, namba zikahifadhiwa kwenye utepe, na baadaye utepe ule ukageuzwa kuwa sauti. Muziki wa kwanza uliotoka ulikuwa wa sekunde 17 tu. Hakuna aliyebonyeza kitufe na kusikia noti papo hapo, na hata hivyo misingi yote ya osileta, yaani kizalishi cha wimbi, na ya sauti kupanda na kufifia ilifanyiwa kazi kwa utaratibu huo. Kompyuta mpakato ya bei ya chini kabisa inayouzwa leo mitumba ina nguvu kupita mashine ile kwa kiasi kisicholinganishika, kwa hiyo kisingizio cha vifaa duni hakina nafasi katika hatua hii.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe. Sauti ndani ya kompyuta ni msururu wa namba, na kwa kiwango cha CD kila sekunde moja ina namba 44,100, kila moja ikiwa na biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa. Ili kupata wimbi la sini lenye masafa ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, tunza kigezo kimoja kiitwacho fazi, kinachoanzia sifuri. Kwa kila sampuli ongeza 440 ugawanye kwa 44,100, ambayo ni karibu 0.00998, fazi ikifika 1, toa 1, kisha andika sini ya fazi hiyo mara 2π. Hiyo ndiyo osileta nzima. Moduli ya wave inayokuja pamoja na Python inatosha kabisa kuhifadhi matokeo kwenye faili la WAV, na ukilifungua utasikia noti ya La ya kawaida.

Hatua inayofuata ndiyo inayowatenganisha wanaosikiliza na wasiosikiliza. Badala ya sini, andika fazi yenyewe mara mbili ukitoa moja, na utapata wimbi la msumeno, lenye harmoniki zote (masafa yaliyo mara 2, mara 3, mara 4 ya noti, na kuendelea) na sauti nzito inayopendwa kwenye muziki wa dansi. Lipige kwa hezi 110 na utafurahi. Lakini lipandishe taratibu mpaka hezi 3,000 na zaidi, usikilize kwa makini, na utasikia ndani yake sauti nyingine dhaifu zinazoshuka wakati noti yenyewe inapanda. Hizo hazikuandikwa na mtu. Kwa kasi ya sampuli 44,100, masafa ya juu kabisa yanayoweza kuwakilishwa ni nusu yake, yaani hezi 22,050, na chochote kinachozidi hapo hukunjwa na kurudi chini. Harmoniki ya 8 ya hezi 3,000 ni 24,000, nayo inarudi kama 20,100, ambayo wengi hatuisikii. Ya 10 inarudi kama 14,100. Ya 12 inarudi kama 8,100. Ya 14, iliyopaswa kuwa 42,000, inatua kwenye 2,100, chini ya noti yenyewe, mahali ambapo hakuna ala ya asili inayoweza kuweka harmoniki. Ndiyo maana sikio hukereka hata kabla akili haijajua kwa nini.

Tiba zake zipo kadhaa. Mojawapo, inayojulikana kama PolyBLEP, hulainisha ule mruko wa ghafla wa msumeno kwa sampuli moja kabla na moja baada yake, na kwa mistari michache tu inapunguza kero kwa kiasi kikubwa. Lakini naomba usiinakili mahali popote kabla hujausikia ugonjwa wenyewe kwa msimbo ulioandika kwa mkono wako. Tiba iliyotangulia ugonjwa haifundishi kitu.

Mchangiaji, mwaka wa pili, Tanga:

Mleta mada, nashukuru kwa uzi huu wenye manufaa. Mimi nipo Tanga mjini na nimekuwa nikiambiwa kwamba anayetaka kazi hii kwa dhati lazima aanze na lugha ya C++ na JUCE, maktaba ya msimbo wa programu za sauti, la sivyo anapoteza muda. Wengine wananiambia nitumie Pure Data kwa kuwa haina haja ya kuandika msimbo. Naomba mwongozo wako, kwa sababu bando langu ni dogo na siwezi kupakua kila kitu.

Mleta mada:

Ndugu yangu wa Tanga, waliokuambia hawakukosea, ila wameruka hatua. Plagini nyingi za studio huandikwa kwa C++, na mfumo wa plagini uitwao VST ulioanzishwa na kampuni ya Steinberg mwaka 1996 ndio uliofungua mlango wa sinthesaiza kukaa ndani ya programu za kurekodia. JUCE hurahisisha sana kazi hiyo. Lakini anayeianza siku ya kwanza hutumia nguvu zake zote kuweka mazingira, kuunganisha maktaba na kupanga vitufe kwenye skrini, na ikifika zamu ya sauti yenyewe amekwisha kuchoka.

Pure Data ya Miller Puckette ni nzuri, ni ya bure, na ni ndogo kwa kupakua. Ningekushauri uitumie kama daftari la majaribio: ukiwa na wazo la kuunganisha osileta mbili na kichujio, lijaribu humo kwa haraka kabla ya kuliandika. Csound, iliyoanzishwa na Barry Vercoe pale MIT, na SuperCollider ya James McCartney nazo ni za bure na zina watumiaji wengi. Faust, iliyotoka katika kituo cha GRAME huko Lyon, Ufaransa, naipenda kwa namna ya pekee kwa sababu unaandika uhusiano wa ishara kwa namna inayokaribia hisabati, nayo inakugeuzia kuwa C++. Kwa bando dogo, hata hivyo, Python uliyonayo tayari inatosha kwa muhula mzima, halafu uhamie C au C++ utakapotaka sauti itoke papo hapo.

Mchangiaji mwingine:

Je, hisabati inayohitajika ni ya kiwango gani? Mimi nilipata shida sana na Fourier, ile hesabu ya kuligawa wimbi kuwa mawimbi ya sini.

Mleta mada:

Trigonometria ya sekondari, logarithimu, na namba changamano kidogo utakapofika kwenye vichujio. Fourier utaielewa vizuri zaidi baada ya kuisikia. Tengeneza msumeno kwa kujumlisha mawimbi ya sini, la kwanza kwa ukubwa 1, la pili kwa nusu, la tatu kwa theluthi, na kuendelea, ukisikiliza kila unapoongeza moja. Ukifika la kumi utakuwa umeelewa nusu ya somo.

Na usidhani kwamba hesabu fupi huzaa sauti finyu. John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford aligundua mwaka 1967 kwamba ukiacha wimbi moja la sini liyumbishe masafa ya lingine kwa kasi ya kusikika, unapata msitu wa masafa mapya pembeni. Alichapisha makala yake mwaka 1973, Yamaha ikachukua leseni, na mwaka 1983 ikatoka sinthesaiza ya DX7 iliyosikika karibu kila mahali duniani. Kiini chake ni sini ndani ya sini, mstari mmoja wa msimbo. Uwiano wa masafa hayo mawili ukiwa namba kamili, unapata sauti yenye mpangilio kama ya shaba au filimbi; ukiwa si namba kamili, kwa mfano 1 kwa 1.4, unapata kengele.

Mchangiaji, mpiga marimba, Bagamoyo:

Mwanangu, nimesomewa haya na mjukuu wangu nami nimeyapenda. Mimi ni mpiga marimba. Nimeshakaa na vijana wenye vinanda mara nyingi tukataka kupiga pamoja, na kila mara kuna noti inakataa. Kijana anageuza vitufe, anapandisha, anashusha, lakini akiipata ile moja, nyingine zinaharibika. Naomba unieleze, hiyo programu mnayoandika itaweza kukaa sawa na marimba, au ndiyo yale yale?

Mleta mada:

Shikamoo mzee wangu, na nakushukuru sana kwa kulileta jambo hili, kwa maana ndilo hasa nililotaka vijana walifikie.

Vinanda vya dukani hupangwa kwa ngazi 12 zilizo sawa katika kila oktava. Mfumo wa MIDI wa mwaka 1983, ambao vinanda na kompyuta huutumia kupashana noti, umejengwa juu ya dhana hiyo: noti namba 69 ni hezi 440, na kila noti inayofuata huzidishwa kwa kipeuo cha 12 cha 2, yaani karibu 1.0595. Marimba za Kigogo hazikupangwa hivyo. Gerhard Kubik na watafiti wengine wa muziki huo wameeleza kwamba sauti zake zinafuata harmoniki za asili, zile zinazosikika ndani ya sauti moja ya kuimba au ya uzi mmoja, hasa kuanzia ya 4 mpaka ya 9 au ya 10. Tuchukue mfano mwepesi ambapo msingi ni hezi 50. Harmoniki ya 6 ni 300, ya 7 ni 350, ya 8 ni 400, ya 9 ni 450. Kijana mwenye kinanda akianza pale kwenye 300 na kutafuta hiyo ya 7, ngazi iliyo jirani nayo kwenye kinanda inampa karibu hezi 356.8. Zikipigwa pamoja na 350 ya marimba, zinavuma na kupigana karibu mara saba kwa kila sekunde. Hiyo ndiyo noti inayokataa, mzee wangu, na haikatai kwa sababu marimba imeharibika. Akishusha kinanda chote ili ikae, zile nyingine zilizokuwa karibu kukubaliana zinatoka.

Vijana, hapa mwanafunzi wa kompyuta ana uwezo ambao mnunuzi wa kinanda hana. Ndani ya sinthesaiza uliyoiandika mwenyewe, fomula inayogeuza namba ya noti kuwa masafa ni mstari mmoja. Ufute, weka mahali pake safu ya uwiano, 6, 7, 8, 9, 10, uzidishe kwa msingi utakaoupima kutoka kwenye marimba yenyewe, na kazi ya upangaji imekwisha. Anayelazimika kutumia kinanda kilichotengenezwa tayari atakimbilia kirekebishi cha kupinda noti, ambacho kina ngazi 16,384 na kwa kawaida hufika toni moja juu au chini. Lakini kirekebishi hicho hupinda noti zote za chaneli kwa pamoja, ndiyo maana mzee anasema akiipata moja nyingine zinaharibika.

Upangaji ni nusu tu ya jibu. Mlio wa chuma cha marimba unahitaji hesabu yake. Chuma kilichobanwa upande mmoja hakitetemeki kama uzi. Uzi una harmoniki mara 2, mara 3, mara 4. Bapa lililobanwa upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili, kwa nadharia, lina mtetemo wa pili ulio mara 6.27 ya ule wa kwanza na wa tatu ulio mara 17.55. Marimba halisi huachana na namba hizo kwa sababu chuma hupita juu ya daraja na hupondwa unene usiolingana, kwa hiyo rekodi pigo moja, litazame kwenye spektra, yaani mchoro wa masafa yaliyomo ndani ya sauti, upime masafa matatu au manne yenye nguvu na muda ambao kila moja linachukua kufifia. Kisha kwa kila masafa tengeneza kitetemeshi kidogo cha aina hii:

y[n] = x[n] + 2r·cos(ω)·y[n−1] − r²·y[n−2]

Hapa ω ni masafa yaliyozidishwa kwa 2π na kugawanywa kwa kasi ya sampuli, na r ndiyo inayoamua sauti itakaa muda gani. Ukitaka mtetemo ushuke desibeli 60 ndani ya sekunde moja kwenye kasi ya 44,100, r ni karibu 0.99984. Mitetemo ya juu ipe muda mfupi zaidi, kwa kuwa ndivyo chuma kinavyofanya: mlio mkali wa mwanzo hutoweka haraka, ukabaki mvumo wa chini. Kwenye x ingiza msukumo mfupi wa kelele badala ya namba moja pekee, kwa sababu kidole gumba kina ngozi na ukucha, nacho kina muda wake wa kuachia chuma.

Bado kuna ule mkwaruzo unaofanana na mdudu anayevuma, ambao mgeni huuona kama kasoro na mpigaji huuona kama roho ya ala. Kwenye marimba za Kigogo hutokana na kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui. Kihesabu, huu si mtetemo wa kawaida, kwa sababu hauongezeki kwa kulingana na nguvu ya pigo: pigo dogo haliuamshi, pigo kubwa linauamsha ghafla. Unahitaji kanuni yenye kizingiti, na kanuni yoyote ya namna hiyo huzalisha harmoniki mpya, zile zile zitakazokunjwa na kurudi chini kama tulivyoona kwenye msumeno. Kwa hiyo sehemu hiyo peke yake iendeshe kwa kasi mara mbili au mara nne, uchuje, kisha urudi kwenye kasi ya kawaida. Vyuma visivyopigwa, ambavyo huitikia vyenyewe vingine vinapolia, vinaweza kuigwa kwa kuvipitishia vitetemeshi vyake kiasi kidogo cha sauti ya jumla.

Mzee wangu, jibu langu ni kwamba itakaa sawa kwa noti, na kwa mlio itakaribia. Kama utaniruhusu, nitakuja na kijana mmoja turekodi chuma kimoja kimoja mbele yako, na wewe ndiye utakayesema kama tumefika.

Mchangiaji, mpiga marimba, Bagamoyo:

Marahaba. Njooni asubuhi, mchana kuna kelele za watu.

Mchangiaji, mwaka wa pili, Tanga:

Kaka, nimehamia C++ kama ulivyoelekeza, lakini sauti inakatika na kutoa vishindo vidogo, hasa ninapogeuza kitufe cha kichujio.

Mleta mada:

Hayo ni matatizo mawili. Kukatika kunatokana na muda. Kadi ya sauti huomba bafa, yaani fungu la sampuli, tuseme 256, na kwa kasi ya 48,000 unazo milisekunde 5.3 tu za kuijaza. Hesabu zako pengine zinatosha humo. Kinachochelewesha ni mambo ambayo muda wake haujulikani mapema, kama kuomba kumbukumbu mpya, kusubiri kufuli linaloshikwa na thredi nyingine, kusoma faili, au kuchapisha maandishi kwenye skrini. Yaondoe yote ndani ya kitendaji cha sauti. Tenga kumbukumbu yote mwanzoni, na thamani za vitufe zipitishe kwa vigezo vya atomiki au foleni ya mzunguko isiyo na kufuli.

Vishindo vya kitufe vinatokana na thamani kuruka ghafla kutoka moja hadi nyingine. Kwa kila sampuli isogeze thamani ya sasa kuelekea ile mpya kwa sehemu ndogo, ili safari nzima ichukue milisekunde kumi au ishirini hivi. Mkono hautahisi uchelewaji huo, na vishindo vitakwisha.

Mchangiaji mwingine:

Nimejaribu njia ya Karplus na Strong ya mwaka 1983 kwa ajili ya sauti ya nyuzi. Noti za chini ni nzuri ajabu, lakini za juu hazikai kwenye masafa yake kabisa. Nimekagua msimbo na sioni kosa.

Mleta mada:

Msimbo wako huenda ni sahihi. Njia hiyo huzungusha kelele ndani ya safu yenye urefu wa N, ikichukua wastani wa sampuli mbili jirani kila mzunguko, na wastani huo huongeza uchelewaji wa nusu sampuli. Masafa yanayotoka ni kasi ya sampuli ikigawanywa kwa N na nusu. Kwa hezi 440, N ya 100 inakupa 438.8, ambayo sikio linaivumilia. Kwa hezi 2,000 mambo ni mengine: N ya 21 inatoa karibu 2,051, na N ya 22 inatoa 1,960. Kati ya hizo mbili kuna karibu nusu toni nzima, na noti unayoitaka iko katikati, mahali ambapo safu yenye urefu wa namba kamili haiwezi kufika.

Suluhisho walilolieleza David Jaffe na Julius Smith mwaka huo huo wa 1983 ni kuongeza ndani ya kitanzi kichujio kidogo kinachopitisha masafa yote kwa nguvu ile ile lakini kikiyachelewesha kwa sehemu ya sampuli. Kwa mfano wako unahitaji uchelewaji wa jumla wa sampuli 22.05. Weka N ya 21, nusu inatoka kwenye wastani, na 0.55 iliyobaki ndiyo kazi ya kichujio hicho. Pima tena noti ile, na ikiwa bado imepotoka, weka msimbo wako hapa tuupitie mstari kwa mstari.